Mvaaji wa Pili

Yustino alikuwa na alama tisini na sita, na ndiye aliyekaribia kumuua baba yangu.

Simchukii. Ni mtu mwema mpaka leo. Tukikutana sokoni ananishika mkono kwa mikono yake miwili na kuulizia nyumba nzima, mmoja mmoja. Nilimchagua mwenyewe kutoka kwenye orodha ya watu kumi na wanne, na nilitazama jambo moja tu: adabu. Huku kwetu Uhehe binti akiletewa mchumba tunaangalia kwanza anavyosalimia, kazi yake tunauliza baadaye. Nami nikachagua mtunzaji kama mtu anayechagua mkwe.

Baba yangu, Mzee Vitus Mhongole, alipigwa na kiharusi akiwa na miaka sabini na minane, amesimama uwanjani kwenye kiwanda cha mbao, akiwaonyesha wapasuaji gogo la kuanza nalo. Upande wa kulia ulilala. Sauti ilikwenda. Kilichobaki ni kuitikia kwa kichwa, na aliitikia kila kitu. Ukimuuliza kama ameshiba, anaitikia. Ukimuuliza kama aongezewe, anaitikia. Daktari alimjaribu kwa maswali ishirini akapata ndiyo ishirini, akaandika kwamba majibu ya mgonjwa hayaaminiki. Mtu wa namna hiyo hawezi kukuonyesha anaumwa wapi. Ndiyo maana tulipewa pacha.

Aliyeileta ni Bi. Kilumbi wa Ofisi ya Matunzo. Alikuja na kijisanduku kama cha miwani. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya utando, vyembamba kama ganda la kitunguu. Kimoja alikibandika kisogoni kwa baba. Cha pili alikibandika kisogoni kwa Yustino, na kabla hajaondoa kidole, Yustino akalamba midomo.

"Ana kiu," akasema.

Tukaleta maji. Baba akanywa kikombe kizima, na Yustino akashusha pumzi kama aliyekunywa ni yeye.

Bi. Kilumbi alituambia pacha haileti mawazo. Inaleta mwili: kiu, njaa, baridi, haja, maumivu, hofu. Aibu pia, kwa sababu aibu ina mahali pake, inakaa usoni na tumboni kama homa. Akatundika ukutani kile wanachokiita sikio, kitu cheusi cha ukubwa wa kifungo cha koti, kinachosikiliza mtunzaji anavyozungumza na mgonjwa na kutoa alama. Mwisho akanipa onyo. Mishipa ya mgonjwa inakubali wavaaji wawili tu maishani. Wa tatu inamkataa, na hapo hakuna fundi wala daktari wa kuibembeleza.

Nikamwambia hatutahitaji wa pili. Nilikuwa namtazama Yustino akimfunga baba blanketi, polepole, kichwa chake kikiwa chini kuliko kichwa cha mzee.

*

Kwa wiki sita nyumba yetu ilikuwa safi kuliko ilivyowahi kuwa tangu mama afariki. Kucha za baba zilikatwa. Ndevu zilinyolewa. Sikio halikuwahi kuwaka rangi yoyote ila kijani. Mimi nilikwenda kazini bila wasiwasi. Kazi yangu ni kunoa misumeno: mashine za mwanga zinapasua gogo kwa dakika mbili, lakini zinaunguza ukingo wa mbao, kwa hiyo msumeno wa meno bado upo na bado unahitaji mtu. Nikirudi jioni, Yustino ananisubiri barazani amesimama.

"Mzee ameshindaje?" nauliza.

"Mzee wetu ameshinda salama, kaka. Ila hajisikii sana."

"Wapi?"

"Chini kidogo."

Naitikia, naingia ndani kula.

Sitaki kujifanya. Nilijua chini kidogo ni wapi. Mtu mzima akikuambia hivyo huku ameangalia miguu yake, unajua. Lakini si jambo ambalo mtoto anamuuliza baba yake, wala mtu mwenye malezi halisemi mbele ya mtoto. Yustino aliniheshimu, mimi nikamheshimu, na sote wawili tulikuwa tunamheshimu mzee. Kwenye taarifa ya kila siku, pale panapoulizwa eneo la maumivu, aliandika "chini ya kiuno, upande wa mbele, si sana." Ofisi ikadhani ni nyonga. Droni ikashusha dawa ya kuchua uwanjani, chupa mbili, na Yustino akachua nyonga.

Siku ya arobaini na tatu niliitwa kutoka kazini. Nilikuta Yustino ameanguka kando ya mtungi wa maji, amejikunja, ameshika tumbo la chini. Nilidhani anaumwa yeye. Ndani baba alikuwa kitandani, jasho limelowesha shuka, meno yanagongana, na kila aliyemuuliza kama yuko sawa alimwitikia.

Hospitalini walisema ni tezi dume. Ilikuwa imeziba njia ya mkojo, kibofu kimejaa, mkojo umerudi juu kwenye figo. Walimwekea mpira wa mkojo, akapona, lakini figo moja haikupona. Daktari, binti wa miaka thelathini hivi, alikuja kwenye benchi tulipokaa akamuuliza Yustino alianza kusikia maumivu yale lini.

"Siku kumi na tisa."

"Na ulikuwa unayasikia kama yalivyo?"

"Kama yalivyo."

Akamuuliza kwa nini hakusema. Yustino alinitazama mimi, kisha sakafu.

"Ningemwambiaje mwanawe?" akasema.

Daktari hakuelewa. Mimi nilielewa vizuri sana, na hicho ndicho kilichoniuma. Siku kumi na tisa mtu yule alibeba kibofu cha baba yangu ndani ya mwili wake, asubuhi mpaka asubuhi, akakosa mdomo wa kukitaja. Walimbandua utando palepale. Alilia, na sijui alikuwa analia kwa nafuu au kwa nini.

*

Wiki tatu baba alikaa nyumbani bila mvaaji, na niliyemwogesha ni mimi. Hakukuwa na mwingine. Mke wangu ni mkwe wake, hawezi hata kuingia chumbani akiwa amelala. Nilichukua ruhusa kazini. Nilimwogesha uso wangu ukiwa umeelekea ukutani, nikipapasa kwa kitambaa kama mtu anayepaka rangi gizani, na najua kuna mahali hapakuoshwa. Baada ya kila kuoga baba alifumba macho mpaka giza liingie.

Nikaenda kwa Bi. Kilumbi kuchagua wa pili.

Alinieleza bila kupamba. Huyu ni wa mwisho. Akishindikana, mzee atapelekwa Kituo cha Kanda, wanakolazwa wasio na mvaaji. Pale mashine inachukua damu kila saa na kutafuta kwenye damu kile mgonjwa asichoweza kusema. Niliwahi kwenda kumwona mtu pale. Ni pasafi. Hakuna anayelia, hakuna anayeongea, mirija tu. Nilikaa robo saa nikaondoka, na yule niliyekwenda kumwona hakugeuza hata shingo. Sikutaka baba yangu afe hivyo.

Akanifungulia orodha. Wa kwanza alikuwa mwuguzi mstaafu mwenye alama tisini na tatu. Nilisikiliza sauti yake kwenye kifaa, sauti laini kama ya mtu anayesoma somo kanisani, na nikahisi nimekutana na Yustino tena.

"Igeuze hiyo orodha," nikamwambia. "Nataka kuanzia chini."

"Chini ni wenye malalamiko, Bwana Mhongole."

"Wanalalamikiwa nini?"

"Midomo."

"Nipe wenye midomo."

Wa mwisho kabisa alikuwa Bosko Tawete, Mngoni wa Songea, miaka hamsini na mitano, alama hamsini na nane. Malalamiko mawili ya lugha ya kudhalilisha. Bi. Kilumbi alitaka kuipita picha yake. Nikaweka kidole.

Hapo ndipo akaniambia sheria nyingine. Kwa kuwa mvaaji wa kwanza aliharibu, na kwa kuwa mgonjwa hawezi kujibu, ndugu wa damu lazima amvae mgonjwa kwa saa moja, mtunzaji mpya akiwepo chumbani. Ndugu ahisi mwenyewe kama mgonjwa anamkubali mtu yule, kisha aandike. Saa moja haihesabiwi kama kuvaa, utando wake ni wa muda tu. Akanipa kipande kwenye bahasha ndogo. Nisipovaa, faili linafungwa, na gari la Kituo linakuja Ijumaa ijayo.

Niliiweka bahasha mfukoni. Njiani nilikuwa naishika kila mara, kama mtu aliyebeba kitu cha wizi.

*

Tawete alikuja Jumatatu asubuhi, ukungu bado umeshika miti. Hakupiga hodi. Nilikuwa jikoni nawasha jiko nikasikia mtu anaongea uani na mbwa wetu.

"Wamekukondesha hivi makusudi," alikuwa anamwambia. "Wakianza kukupa uji, kimbia."

Alikuwa mtu mfupi, kifua kipana, koti la mvua na kofia ya sufu. Nikamwambia kamwene. Akaniambia hiyo salamu nimpelekee mgonjwa, yeye amekuja kuzika. Akanipita akaingia chumbani.

Wasiojua watashangaa, lakini Mhehe na Mngoni ni watani. Babu zetu walipigana miaka mingi, hakuna aliyemmaliza mwenziwe, na waliobaki wakaona afadhali watukanane kuliko kuzikana. Mtani anaweza kuingia msibani kwako akalalia jeneza na kudai alipwe ndipo aondoke, na hakuna wa kukasirika. Anachukua kitu chako mbele ya macho yako. Anasema kile ambacho ndugu hawezi kukisema. Haya yote niliyajua tangu utoto. Ila sikuwahi kuyaona kama kazi ya kumpa mtu.

Baba alikuwa kwenye kiti, blanketi magotini, mkongojo juu yake. Tawete aliutazama mkongojo, akauchukua.

"Huu ni wetu," akasema. "Babu yako alimpokonya babu yangu alipokuwa amejipumzisha. Nimetembea siku nzima kuufuata, nakuta umeshikwa na Mhehe nusu."

Sikio ukutani likawaka jekundu.

Mimi nilisimama mlangoni. Nilimwona baba akimtazama yule mtu, muda mrefu. Kisha mkono wake wa kushoto, ule mzima, ambao kwa miezi mitatu ulikuwa umelala pajani kama glovu, ukanyanyuka. Ukaushika mkongojo. Ukavuta. Tawete akavuta upande wake, si kwa nguvu sana wala si kwa huruma sana, na kutoka kooni kwa baba ikatoka sauti kama ubao mbichi unaopasuka. Ilinichukua muda kutambua kwamba anacheka.

Tulipotoka nje nilimuuliza Tawete kuhusu malalamiko. Hakuzunguka. Alisema alimtunza mzee ambaye si mtani wake, akamtania akidhani atacheka, na hakucheka. Akarudia, kwa ujinga. Kosa lilikuwa lake. Tangu hapo huuliza kabila kabla hajafungua mdomo, na wengi wanamwona mbaguzi kwa swali hilo.

"Nikivaa, nasema," akaongeza. "Nikisikia jipu la makalio, nitasema jipu la makalio, hata padri akiwa amekaa hapo na chai yake. Kama hutaki kusikia, chukua mwingine."

Nikamwambia nataka kusikia.

"Basi vaa hiyo saa yako tumalize."

Nikatoa bahasha mfukoni. Sikuifungua.

*

Dada yangu Oliva anafundisha Mbeya. Nilimwita kwenye kioo cha simu, nikamweleza yote. Yeye alitaka yule mwuguzi wa tisini na tatu, lakini hilo tulilimaliza haraka. Alisema kama baba amecheka, basi hana neno. Tulikwama kwenye saa moja.

Nilimwambia siwezi. Kumwona baba uchi kwa sababu ya ugonjwa, sawa, unaangalia ukutani. Lakini utando ule hauna ukuta. Ningekuwa ndani ya tumbo lake, ndani ya kibofu chake chenye mpira, ndani ya chochote anachohisi akiniona. Mtoto hana ruhusa ya kufika huko. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo mahali popote, lakini ningemtazama vipi usoni baada ya hapo?

Oliva alinisikiliza kisha akaniuliza kama heshima hiyohiyo siyo iliyokula figo ya baba. Alikuwa na haki ya kuuliza.

"Kaka, ngoja alale," akasema. "Analala mchana, si ndiyo? Vaa akiwa amelala. Hatajua. Unaandika anakubali, inakwisha."

"Nitaandika anakubali kwa kumsikia akiwa usingizini?"

"Utaandika kwa sababu Ijumaa gari linakuja."

Baada ya kula baba alisinzia kwenye kiti. Nilichukua kigoda nikakaa mbele yake. Utando niliutoa, nikauweka kiganjani. Haukuwa na uzito wowote. Niliona mshipa wa shingo ya baba ukipiga, nikaona kipande chake kisogoni kikiwa kimekauka pembeni. Dakika mbili tu, nikajiambia, ili nisiwe mwongo. Tawete alikuwa amekaa dirishani anakwangua matope kwenye viatu kwa kijiti. Hakunizuia. Nadhani angeniacha.

"Wewe ungevaa?" nikamuuliza.

"Baba yangu? Hapana. Lakini si mimi ninayevaliwa. Umemuuliza?"

Nikamwambia kumuuliza baba hakuna maana, ataitikia.

"Atakuitikia wewe," Tawete akasema. "Wewe ni mwanawe, umeacha kazi kwa ajili yake, unamlisha. Akatae kitu chako? Daktari naye ni mtu mkubwa, amekuja kwa gari. Kila anayemuuliza ni mtu wa kuheshimiwa. Kwangu hana heshima ya kutunza."

Akaja na kiatu kimoja mguuni, akampiga baba begani mpaka akafungua macho.

"We Mhehe. Kijana wako anataka ajibandike hiki kitu aingie mwilini mwako, akae humo saa nzima, aone mnavyonuka ndani. Nimruhusu?"

Baba alimtazama. Akanitazama mimi, akaona utando kiganjani. Kisha akarudisha macho kwa Tawete, akanyanyua mkono wa kushoto, akautikisa. Mara moja. Mara mbili. Hapana.

Kwa miezi mitatu hakuna mtu aliyekuwa ameiona hapana ya baba yangu.

Nilirudisha utando kwenye bahasha. Kusema kweli sikufurahi. Nilikuwa nafikiria maswali yote niliyomuuliza tangu augue, na ndiyo zote alizonipa, na ngapi kati ya hizo zilikuwa ni mzazi anayemwonea mtoto huruma.

*

Alhamisi nilikwenda Ofisi ya Matunzo nikaweka bahasha mezani. Nikamwambia Bi. Kilumbi sijavaa na sitavaa, kwa sababu mwenyewe amekataa. Alisema mzee hawezi kukataa, imeandikwa. Nikamwambia aje aone, na kama ataona vinginevyo, gari lije hiyo Ijumaa.

Alikuja saa nane mchana na kifaa chake. Akapiga magoti mbele ya kiti cha baba, kama mwanamke aliyelelewa vizuri, akamwamkia shikamoo. Akamuuliza kwa upole kama anamkubali Bwana Tawete amvae. Baba akaitikia. Akamuuliza kama anakubali mwanawe amvae kwanza kwa saa moja, kama sheria inavyotaka.

Baba akaitikia.

Bi. Kilumbi akanigeukia. Niliona tayari ameanza kuandika. Nilijua amemwitikia kwa sababu amepigiwa magoti, lakini ningemthibitishiaje?

"Mama," Tawete akasema, "naomba umwulize kupitia kwangu. Maswali uyachague wewe."

Bi. Kilumbi akafikiri kidogo. Akasema amuulize kama leo amekula wali. Tawete akamwuliza kama Wahehe siku hizi wanajua wali, na kama leo amekula. Mkono ukasema hapana, na kweli alikula ugali wa ulezi. Akasema amuulize kama mkewe yu hai. Tawete alibadilisha sauti kidogo hapo, akauliza bila madoido. Hapana. Kama ana watoto wawili. Kichwa kikaitikia. Kama ni watatu. Hapana. Sikio lilikuwa jekundu muda wote huo.

"Muulize kitu ambacho anaweza kukataa kwa nguvu," Bi. Kilumbi akasema.

"Mhehe, Wangoni tuliwapiga au hatukuwapiga? Kubali tu, wageni wapo."

Baba alipiga mkono wa kiti kwa ngumi mpaka kikombe kikaanguka. Bi. Kilumbi akacheka, akaziba mdomo kwa kitenge. Kisha akawa mtu wa ofisi tena. Akamwambia Tawete amuulize kuhusu ile saa moja. Mkono wa kushoto ukatikisika, mara moja, mara mbili.

Bi. Kilumbi aliweka kifaa chake mapajani. Mwisho akasema sheria ya ndugu kuvaa ni ya mgonjwa asiyeweza kujibu. Mgonjwa anayeweza kujibu anachagua mwenyewe, na wala si kazi yangu mimi kumchagulia. Hakuna mahali pameandikwa lazima amjibu kila mtu. Ila kujibu hakutoshi, akasema. Hapana na ndiyo hazitamwonyesha mtu jiwe liko kwenye figo ipi. Mvaaji bado anatakiwa. Akamwambia Tawete aulize swali lililobaki.

Tawete alivua kofia. Akachuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa.

"Mtani. Nikuvae?"

Baba hakuitikia. Alimtazama, akatazama dirishani, akatazama kofia mkononi mwa Tawete kama anaipima bei. Akamweka mtu yule pale, amechuchumaa na magoti yake ya miaka hamsini na mitano, muda ambao mimi niliona ni wa kunywa chai na kumaliza. Nilitaka kusema kitu. Bi. Kilumbi akaniwekea mkono kifuani. Tawete akaanza kutetemeka mapaja, na hakusimama.

Ndipo baba akanyoosha mkono, akamnyang'anya kofia, akaivaa yeye. Kisha akaitikia.

Bi. Kilumbi alibandika utando mpya kisogoni kwa Tawete. Tulisubiri Tawete aseme jambo la kutuchekesha. Hakusema. Alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akafumba macho, na uso wake ukabadilika kama mtu anayeshuka kwenye maji ya baridi hatua kwa hatua. Baada ya muda akasema mpira unavuta upande wa kushoto, ufunguliwe kidogo. Akasema kuna kidonda kinaanza kwenye mfupa wa tako la kulia, bado hakijapasuka. Akasema mzee anatamani chumvi kwenye chakula, na kweli tangu hospitali tulimnyima. Bi. Kilumbi aliandika kila neno kama lilivyosemwa, akaagana nasi, akaondoka.

Tulibaki watatu. Jua lilikuwa bado lipo, saa ya kumwogesha ilikuwa imefika. Nilitia maji ya moto kwenye beseni, nikachukua kitambaa.

"Gaudensi," Tawete akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kunitaja jina.

"Wiki hizi tatu nani anamwogesha?"

"Mimi."

"Na unaangalia pembeni."

"Naangalia ukutani."

"Anajua." Alikuwa ameweka kiganja juu ya tumbo lake mwenyewe, chini ya kitovu. "Umeshika beseni sasa hivi, na hapa pameshikana kama fundo. Hata uso umeniwaka. Uliponyoosha mkono kuchukua kitambaa ndipo ilipoanza."

Nilimtazama baba. Alikuwa amefumba macho chini ya kofia ya Mngoni.

Nilitaka kumwambia Tawete kwamba nilifanya nilivyoweza, kwamba hakukuwa na mtu, kwamba kila siku nilimwomba radhi kimoyomoyo kabla ya kumgusa. Yote yalikuwa kweli na hayakuwa na kazi. Niliweka beseni chini karibu na mguu wake. Nikamwekea kitambaa begani.

Nikatoka, nikauvuta mlango nyuma yangu taratibu mpaka ukagusa. Nikasimama hapo koridoni, mikono imelowa. Nilitegemea kusikia matusi. Badala yake nilimsikia Tawete akisema kwa sauti ya chini, bila utani hata kidogo:

"Haya. Ameondoka. Pumua."